Ndoo za Mama Somoe

Vijana wangu wa dirisha la mizigo, siku mliyoniaga mlinivisha kitenge, mkanilisha keki mbele za watu kama mtoto mchanga, halafu mkaniambia, "Mama Anjela, tuandikie kidogo, tubaki na kitu." Haya, nimekaa, naandika. Ila habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Cheo changu kikubwa kilikuwa kukabidhiwa ufunguo wa stoo, na ufunguo wenyewe ulikuwa unagoma. Nitawaambia habari za viroba na ndoo, na watoto wa watu waliosoma vyuo vikuu kwa kula vilivyokuwa ndani yake.

Kazi niliianzia stendi ya Masasi. Mimi ni Mmakua wa Lukuledi, na nyumbani nilikuwa nimeaga kwamba nimepata kazi ya ofisini, kwa hiyo siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kisigino. Mzee Bakari, aliyekuwa mkuu wa mizigo, alinitazama miguuni, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaingia nyuma akatoka na kandambili zake za akiba. "Ofisi yenyewe ndiyo hii," akasema, akinionyesha lundo la viroba vya mbaazi. "Na hao ndio mabosi wako. Anza kuwainua." Kandambili zilikuwa kubwa kama mitumbwi. Nilizivaa mwaka mzima.

Mzee Bakari hakuwa na shule nyingi wala maneno mengi, lakini alinifundisha vitu ambavyo mpaka leo navifanya nikiwa nyumbani bila kazi. Alinifundisha kushona mdomo wa kiroba kwa sindano ndefu na uzi wa katani, na kuacha pembe mbili zimefungwa kama masikio. "Kiroba kisicho na masikio hakina rafiki," alikuwa akisema. Kuli akikosa pa kushika, atakiburuta, na kikifika mjini ni matambara. Ninyi siku hizi mnabandika selotepu mnaona mmemaliza. Selotepu! Haya, endeleeni, mtanikumbuka masika.

Cha pili alinifundisha kunusa. Mzigo kwanza uunuse, ndipo uupime. Kuna mzee mmoja wa Nanganga alituletea dumu akasema ni juisi ya mabibo, matunda ya mkorosho, ya kumpelekea mjukuu wake aliye chuo. Nikataka kupokea. Mzee Bakari akainama, akanusa kifuniko, akamwambia, "Mzee mwenzangu, juisi hii ikifika Lindi itakuwa imeshaanza kuimba." Ilikuwa uraka, pombe yetu ya mabibo, na uraka ukitikiswa kwenye buti la basi huvimba ukapasua dumu. Mzee wa Nanganga hakubisha. Alikaa kwenye benchi letu, akainywa juisi ya mjukuu yeye na makuli, na abiria wa siku hiyo walisafiri salama.

Baadaye nikahamishiwa Newala, juu kule kwenye baridi na ukungu wa asubuhi, na huko ndiko nilikomaliza kazi. Mmakua kuwekwa katikati ya Wamakonde, jamani, nilitaniwa mpaka nikazoea. Lakini Newala ndiko nilikoanza kuwajua wanafunzi. Maana mzigo wa mwanafunzi wa chuo unaujua kabla hujasoma jina. Ni mchanganyiko: makopa, yaani muhogo mkavu, chini; unga wa muhogo juu yake; kunde au njugu mawe kwenye mfuko wa rambo; karanga za kusaga kwenye kopo la siagi; na korosho kidogo zimefichwa katikati ili konda asizione. Juu kabisa mama anaweka kitu kisichohitajika, kama limau moja au ua la asmini. Hilo ndilo busu lake.

Wanafunzi wenyewe waliporudi likizo walipita dirishani kusalimia, nami niliwauliza maswali yangu yote. Mnaishije huko? Walicheka wakaniambia. Pesa ya kujikimu wanayokopeshwa wanaiita bumu. Bumu likitoka, kila mtoto ni tajiri kwa muda, anakula chipsi kuku. Bumu likichelewa, wanapiga pasi ndefu, maana yake wanakunywa chai asubuhi na hawaonani na chakula tena mpaka usiku. Waliokosa chumba cha hosteli wanabebana, wawili kitanda kimoja, na mlezi wa bweni akija mmoja anajifanya mgeni. Wengine wanapanga chumba mtaani watatu wanne na kula kikoa, kila mmoja na zamu yake ya kuweka chakula sufuriani. Kijana mmoja wa kwetu Lukuledi, Yohana, alikaanga korosho za babu yake na kuwauzia wahadhiri wake kwa vipakti. Aliniambia wahadhiri walinunua sana, na yeye hakuchelewa kipindi hata kimoja, maana mteja ndiye aliyekuwa mbele ya darasa.

Na makopa, ee, makopa yalikuwa na heshima yake. Mwezi wa kwanza, wenzao wa mikoa mingine wanayacheka. "Mnakula magome?" Bumu likiisha, walewale wanakuja na sahani wanabisha hodi kwa adabu. Muhogo mkavu hauozi, hauhitaji friji, na unatulia tumboni mpaka kesho. Ndiyo maana mimi mzigo wa makopa sikuwahi kuuacha ukalala Newala hata siku basi lilipojaa. Niliwaambia makuli wapakie makopa kwanza, godoro la mfanyabiashara litasubiri. Wafanyabiashara walinifokea sana.

Sasa niwaambie habari ya Mama Somoe, maana mlikuwa mnaisikia nusunusu.

Mama Somoe ni mjane wa Mkunya, ana mikorosho michache na shamba la muhogo, na binti yake wa kwanza, Somoe, alipata nafasi chuo kikuu Dar es Salaam. Kijiji kizima kilijua. Mkopo alipata nusu, basi mama akasema chakula kitatoka kwake, na kodi ya chumba akaichukua kaka yake mama, Mjomba Hamisi. Mnajua kwetu huku mjomba ndiye mwenye mtoto, hakuna aliyeshangaa.

Yeye hakutaka viroba. Alikuwa na ndoo mbili nyeupe zenye mifuniko, zile za rangi ya ukuta, amezisugua kwa mchanga mpaka zinang'aa. Ndoo moja ikienda, nyingine inarudi na basi, na konda ananiachia dirishani. Mimi ndiye niliyekuwa nazikagua zote, za kwenda na za kurudi, kwa sababu kanuni ni kufungua. Ya kwanza ilikwenda na makopa na njugu mawe. Ilipita muda, ikarudi. Nikafungua, nikakuta kipande cha sabuni na majani ya chai. Nikatabasamu peke yangu. Nikasema huyu binti kafundwa, amejua chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.

Mama Somoe alipoona ile sabuni alinibusu mkono mimi, kana kwamba nimeinunua. Ndoo ya pili akaongeza kunde na korosho. Ikarudi na sukari. Ndoo iliyofuata ikaenda na mchele na dagaa. Ikarudi na sukari zaidi na doti ya khanga. Loo! Pale dirishani tuliziita ndoo za harusi. Makuli walikuwa wanaulizana, "Ya Mkunya imefika? Leo ina nini?"

Simuni nako walikuwa wanazungumza, tena mbele yangu, maana mama alipiga simu akiwa kwenye benchi. "Hujambo mwanangu?" "Sijambo mama." "Unakula?" "Nakula mama, na wewe?" "Mimi nina shida gani?" Simuni watu wote ni wazima.

Siku moja akaja Mjomba Hamisi mwenyewe kuchukua mzigo wake wa bati, mtu mnene, mcheshi, sauti kubwa. Nikamuuliza habari za mpwa wake. Akapiga kofi kwenye kaunta. "Mama Anjela, yule mtoto katulia! Nikienda kwa dada yangu nakunywa chai, sukari vijiko vinne, sukari ya Somoe hiyo. Mtu anayetuma sukari nyumbani anahitaji kodi kutoka kwangu? Nimemwachia ajitegemee. Nami namalizia nyumba yangu sasa." Akaondoka na bati zake kwenye guta anapiga mluzi.

Mimi nikabaki na sindano mkononi. Maana nilikuwa naona mizigo ya wanafunzi wengine. Majira yale bumu lilikuwa limechelewa, na watoto wa Newala walikuwa wanapiga simu makopa yaongezwe. Hakuna aliyekuwa anatuma hata kiberiti nyumbani. Huyu mmoja sukari anaitoa wapi? Nikajisemea labda ana kazi ndogo, labda anasuka nywele za wenzake. Wengi wanasuka. Mawazo yakanituliza kidogo, lakini si sana.

Halafu ikaja ile siku. Ilikuwa alasiri, na Mama Somoe alikuwa ameshafika dirishani na ndoo yake ili iondoke na basi la asubuhi. Niko naitafutia nafasi, basi la kutoka Dar likaingia. Abiria wakashuka, na kuli mmoja akateremsha godoro lililofungwa kamba. Nyuma ya godoro akashuka Somoe. Kawa mwembamba, shingo imerefuka. Na mkononi kashika ndoo nyeupe.

Mwanafunzi harudi na godoro katikati ya muhula. Kwa miaka yote niliyokaa stendi, godoro likirudi na mwenyewe kabla ya likizo, chuo kimeisha.

"Shikamoo Mama Anjela," akasema, kabla hajamwona mama yake.

"Marahaba mwanangu. Chuo kimefungwa?"

"Hapana."

Ndipo mama akageuka kwenye benchi. Walitazamana. Somoe akapiga goti palepale kwenye vumbi, akaamkia, kisha akamnyooshea mama yake ndoo kwa mikono miwili. Mama akaipokea kwa mikono miwili. Hata siku hiyo, jamani! Nikawaambia moyoni, ninyi wawili mtaniua. Nikafunga dirisha, nikawaingiza nyuma kwenye stoo, nikawakalisha juu ya viroba vya mbaazi.

Mtoto akaeleza, akiwa anaangalia chini. Kodi ilikatika ghafla. Mwenye nyumba akamtolea vitu nje. Mwenye nyumba akamtolea vitu nje. Mitihani ya mwisho ilikuwa imekaribia, ile ya kumalizia shahada yake, na asipoifanya mwaka wote unapotea, na mwaka mwingine hakuna wa kuulipia. Akauza jiko lake la gesi apate nauli.

"Na kula?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakula."

"Jana ulikula nini?"

"Chai."

Mimi nina hasira za karibu, mnanijua. Nikaivuta ile ndoo yake nikaifungua. Ndani, sukari. Imefungwa vizuri kwenye gazeti, na kipande cha sabuni ya kuogea pembeni. "Chai ya sukari?" nikamuuliza.

"Kavu, haina sukari," akasema.

Nikaivuta na ndoo ya mama, nikaifungua mbele yake. Mchele, mafuta ya kupikia, dagaa, vyote vya dukani. "Na wewe Mama Somoe, tangu lini Mkunya mnalima mchele?"

"Nimenunua."

"Kwa hela ipi?"

"Niliuza mbuzi." Akaona namtazama, akaongeza kwa ukali, "Sasa mtu akikuletea sukari na khanga, utamrudishia makopa? Mimi sina aibu?"

"Mama, mimi nilikuwa nayataka makopa," Somoe akasema. "Wenzangu tunakula kikoa, zamu yangu ilikuwa makopa, wanayapenda. Mchele ulikuwa unaisha siku tatu, halafu natafuta hela ninunue sukari ya kukurudishia. Kila ndoo ikija nzito naogopa. Nasema hii sasa nitaijibu na nini?"

Vijana wangu, sikucheka wala sikulia, nikashika katani nikaanza kushona kiroba ambacho kilikuwa kimeshashonwa. Hawa watu wawili walikuwa wanafilisiana kwa adabu. Mmoja anauza mbuzi, mwingine anashinda njaa, na kila mmoja akiamini mwenzake yuko kwenye neema. Na mjomba katikati, anakunywa chai vijiko vinne.

Mama Somoe akafunika ndoo yake. Kisha akauliza taratibu, "Nani alikufundisha kunirudishia mimi chombo na kitu ndani?"

"Wewe mama. Hukumbuki? Nilirudisha bakuli la Bibi Zuhura tupu, ukanichapa, ukanirudisha nikapeleke hata chumvi."

"Bibi Zuhura ni jirani!" Akainuka juu ya viroba, sauti ikapasuka mpaka nje kwa makuli. "Chombo cha jirani ndicho hakirudi kitupu. Mimi ni jirani yako, Somoe? Mimi nimekuzaa! Chombo changu kirudishe kitupu, kirudishe kichafu, kirudishe kimevunjika! Ukiwa na njaa uniambie una njaa!" Akamshika mtoto kichwa akakiweka tumboni mwake, wakalia wote wawili, na mimi nikawafuata. Nilikuwa na watu wa mizigo wanaosubiri nje, wacha wasubiri.

Tukampigia Mjomba Hamisi. Alikuja na pikipiki, bado ana vumbi la saruji mikononi. Dada yake akamweleza. Nilimwona yule mtu mnene akipungua. Aliangalia godoro, akaangalia mtoto, akaangalia ile sukari kwenye gazeti.

"Kumbe nilikuwa nakunywa kodi ya chumba," akasema.

Akavua kofia, akaivaa tena. "Bati hazijapigwa misumari," akasema, akatoka. Zilikuwa bado zimelundikwa uani kwake. Akaenda kumbembeleza Mkinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi azipokee tena, na kabla jua halijazama alikuwa amerudi na hela mfukoni, kachoka kwa kubishana. Nyumba yake ilibaki na turubai masika yote yaliyofuata. Nikipita nilikuwa namtania, "Mjomba, chai tamu?" Naye anajibu, "Chungu, Mama Anjela, chungu kabisa."

Somoe na mama yake walilala kwangu. Asubuhi nikampandisha mtoto basi, godoro lake kwenye buti, na mchele ule ukaenda naye kwa sababu ulishanunuliwa. Nikamshonea na kiroba cha makopa, kilikuwa stoo, cha jamaa mmoja aliyekubali tumlipe baadaye, na masikio yake niliyafunga mimi mwenyewe. Ndoo moja ilikwenda naye vilevile. Mama ndiye aliyeng'ang'ania. Alimwambia mlangoni mwa basi, mbele ya abiria wote, "Naingoja. Ole wako nikute kitu."

Jifunzeni kitu hapo. Mizigo tunayopokea si chakula tu. Mkiona mwanafunzi anatuma vitu vingi kuliko anavyopokea, msifurahie harakaharaka kama tulivyofurahia sisi na makuli wetu. Mwulizeni amekula nini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wanafunzi ni mafundi wa kuficha njaa. Mwulizeni kwa upole kuliko mimi, maana mimi ulimi wangu una pilipili.

Mtihani aliufanya. Kwa sasa Somoe ni bibi shamba wilaya ya mbali, na hilo nimelisema ili msije nyumbani kwangu kuniuliza. Lakini siku ninayoikumbuka si ya joho. Ni siku ndoo ilipofika.

Konda alinipa kwenye foleni ya watu wengi, siku ya gulio. Nilipoishika mkono ulipanda juu wenyewe, kwa wepesi. Nikaifungua kwa kanuni, nikaifunga. Nikampigia simu Mama Somoe, sikumwambia lolote zaidi ya "imefika." Alikuja na bodaboda kutoka Mkunya, bado amevaa khanga ya shambani, mikono ina udongo. Akaipokea kaunta. Akaitikisa. Akafungua mfuniko, akachungulia, akaingiza mkono mpaka chini akapapasa pande zote. Akaigeuza ikaangalia chini, akaipiga kofi kwenye kitako. Hakikudondoka hata kipande cha gazeti.

Basi akaibeba kichwani ilivyo, wazi, akapiga vigelegele katikati ya stendi, akazunguka anacheza mguu kwa mguu. Foleni yangu ikavunjika, watu wakamzunguka. Mzee mmoja mgeni, nadhani mwalimu mstaafu wa bara, akamwonea huruma akamshika bega.

"Mama, pole sana. Wamekuibia njiani?"

"Hapana baba," akasema, na machozi yanamtoka na anacheka. "Mwanangu anakula."